Binti anataka kazi kwa mpiga picha: tuulize nini kabla ya kumpeleka?

Katika mkutano wetu uliopita, mama mmoja wa Bulengera aliinua mkono tukiwa tayari tunafunga vitabu vya akiba. Binti yake alipata diploma ya taifa miaka miwili iliyopita. Pesa za chuo kikuu hakuna. Asubuhi anauza mandazi, mchana anakaa. Sasa amempata mwenye studio ya picha, hapa Butembo, anayekubali kumchukua awe msaidizi wake, lakini anaomba kwanza dola 50 za kumfundisha kamera. Mama alitaka kujua kama chama kinaweza kumkopesha.

Wengine tulisema ndiyo. Wengine tulisema huyo bwana ni mwizi. Mmoja alisema kazi ya picha si ya msichana, na hapo makelele yakaanza, mpaka mvua ikatufungia ndani na tukaendelea kuzozana kwa saa nyingine nzima.

Hatukumkopesha siku ile. Tulimwomba atungoje kidogo. Wawili kati yetu tukazunguka studio za hapa mjini, zile za Barabara ya Président de la République na zile ndogo za kartiye, kisha tukapanda gari mpaka Beni, kilomita 54, kuwauliza wapiga picha wa kule na, zaidi sana, wasaidizi wao. Tuliwauliza wasaidizi wakiwa peke yao, bosi akiwa hayupo. Hapo ndipo maneno ya kweli yalipotoka.

Jambo la kwanza tulilojifunza ni kwamba msaidizi, kwa miezi mingi, hapigi picha. Binti anayefikiri atapewa kamera siku ya pili atarudi nyumbani analia. Kazi yake ni kubeba. Anabeba mfuko wa mashine, anabeba trepie, ile miguu mitatu ya kusimamisha kamera, anabeba taa na waya zake. Usiku wa kuamkia harusi anahakikisha batiri zote zimejaa umeme, na kama umeme umekatika anatafuta jirani mwenye jenereta au mwenye sola. Anahesabu kadi za memori na kuzihesabu tena wakati wa kurudi. Ndani ya sala ya sherehe anashika taa juu mpaka mkono unakufa ganzi. Kesho yake anakaa mbele ya kompyuta kuchagua picha, kuzichapa, kuzikata, kuzipanga katika albamu, na kusikiliza malalamiko ya wateja wanaosema picha imewafanya weusi sana au wanene sana.

Lakini kuna kazi moja ambayo wapiga picha wengi wanaume walituambia hawaiwezi wenyewe, na ndiyo inayowafanya watafute wasichana. Ni chumba cha bibi arusi. Asubuhi ya harusi, bibi arusi anavalishwa na shangazi zake na mareni wake, na watu wanataka picha za pale: viatu, pete, shela, mama mzazi akimfunga binti yake kifungo cha mwisho. Mwanaume akibisha mlango, wanawake wanapiga kelele. Akiingia, kila mtu anakuwa kama mti. Msaidizi msichana akiingia, wanamwambia ashike sindano, na anapiga picha huku anaongea nao. Mpiga picha mmoja wa Beni, mtu wa miaka mingi katika kazi hii, alituambia kwamba tangu amchukue msaidizi wa kike, familia zinamchagua yeye kwa sababu ya huyo msichana, na si kwa sababu ya kamera yake. Tulimwuliza kama amemwongezea msichana mshahara. Alicheka, akatazama pembeni.

Vilevile kuna kazi ya kupanga watu. Kila mama aliyewahi kukaa katika harusi yetu anajua vurugu ya picha ya ukoo. Wajomba wa upande wa bwana arusi wanasukumana na wa upande wa bibi, bibi mzee amesahauliwa kwenye kiti, watoto wamekwisha kunywa soda zao na kulowesha nguo. Anayejua kumwita mzee kwa heshima, kwa Kinande au kwa Kiswahili, anayejua kwamba shangazi fulani hawezi kusimama nyuma ya wakwe, huyo anamwokolea mpiga picha nusu saa. Kamera haifundishi mambo hayo. Binti zetu wanayajua tayari, kwa kuwa wamekua wakituona sisi tukipanga viti.

Wengine watauliza: siku hizi kila mtu ana simu, nani bado anamlipa mpiga picha? Nasi tuliuliza. Jibu ni kwamba picha ya pasi ndiyo iliyopungua faida. Harusi, ubatizo, komunyo ya kwanza, kipaimara na kolasyon za chuo kikuu bado zinatafuta mtu wa kazi, kwa sababu watu wanataka albamu ya kuweka mezani, na simu huibwa au huanguka ndani ya maji. Matokeo ya mtihani wa taifa yakitoka, vijana waliofaulu wanamwagiwa poda nyeupe kichwani barabarani, na studio zinajaa siku hiyo hiyo. Tarehe 8 Machi, sisi wenyewe, na vitenge vyetu vipya, tunapanga mstari mrefu mlangoni.

Basi kazi hii inapatikanaje? Hatukukuta msaidizi hata mmoja aliyeipata kwa kuandika barua. Barua ya kuomba kazi, na nakala ya diploma, zinakaa chini ya kompyuta mpaka zinakuwa za kufungia mandazi. Mwenye studio anamkabidhi msaidizi mashine ambayo aliinunua kwa deni, imetoka Dubai au Kampala na kupita Kasindi. Hawezi kuiweka mikononi mwa mtu asiyemjua. Kwa hiyo anachukua mtoto wa mtu anayesali naye, au mtu aliyemwona akifanya kazi kwa macho yake.

Msichana mmoja wa komini ya Mulekera, pale Beni, alitueleza ilivyokuwa kwake. Katika harusi ya mama yake mdogo, aliona mpiga picha yuko peke yake, jasho linamtoka, anaita majina ya ukoo kutoka kwenye karatasi na hakuna anayemsikia. Alimwomba karatasi, akaita yeye. Kila mmoja akaja. Baada ya sherehe mpiga picha alimwuliza namba yake. Jumamosi iliyofuata alimwita kubeba taa, akampa dola 5 na sahani ya chakula. Wiki sita alifanya hivyo, Jumamosi tu, huku siku nyingine akiuza makala na unga na mama yake. Kisha akachukuliwa kwa mwezi mzima.

Sisi tunaipenda njia hiyo ya Jumamosi. Binti hajaacha kazi yake nyingine, mama hajakopa, na pande zote mbili zinajuana kabla ya kufungana. Atakayekwenda kuomba aende katikati ya wiki, asubuhi, studio ikiwa haina watu, naye aseme wazi: ninaomba kukusaidia harusi mbili, uone kazi yangu. Asiende Jumamosi yenyewe. Jumamosi mpiga picha hasikii hata jina lake mwenyewe. Na aende kabla ya likizo kubwa ya Julai na Agosti, wakati harusi bado zinaandikwa katika kitabu.

Asione haya kuanza na kazi ndogo. Malick Sidibé wa Mali, ambaye picha zake za vijana wa Bamako wakicheza dansi ziko leo katika makumbusho makubwa ya dunia, aliingia mwaka 1955 katika duka la picha la Mfaransa Gérard Guillat ili kulipamba tu. Akabaki. Alikaa kwenye sanduku la pesa, akapeleka picha kwa wateja, huku akimtazama bwana wake anavyofanya. Mwaka 2007 alipewa kule Venice Simba wa Dhahabu wa kazi ya maisha yote, na hakuna mpiga picha aliyewahi kupewa tuzo hiyo kabla yake.

Sasa turudi kwenye zile dola 50, maana ndizo zilizotuzozanisha.

Kulipa ili kufundishwa kazi si jambo geni kwetu. Mafundi cherehani wanalipisha, makanika wanalipisha. Hatuwezi kusema kila mwenye studio anayeomba pesa ni mwizi. Tulichokiona ni kwamba kuna aina mbili za makubaliano, na mabaya yote yanatoka katika kuzichanganya. Mtu anayefundishwa analipa, naye anafundishwa kwa saa zinazojulikana, kwa muda unaojulikana, na mwisho anajua kitu. Mtu anayefanya kazi analipwa. Yule anayelipa dola 50, kisha anabeba taa kila Jumamosi kwa mwaka mzima bure, akiambiwa bado anajifunza, huyo anadanganywa. Tulikutana na wawili wa namna hiyo. Mmoja alikuwa amefikisha miezi kumi na minne na hajawahi kushika kamera isipokuwa kuipangusa vumbi.

Sheria ya kazi ya nchi yetu, ya tarehe 16 Oktoba 2002, ina sehemu yake juu ya mtu anayefundishwa kazi na bwana wake, na inataka mapatano hayo yaandikwe. Wengi wetu tunadhani karatasi ni za makampuni makubwa tu. Hapana. Karatasi moja ya daftari, yenye majina mawili, sahihi mbili na shahidi mmoja, inatosha kubadilisha namna watu wanavyoongea baadaye.

Iandikwe ndani yake ni muda gani wa kufundishwa na baada ya muda huo mshahara ni kiasi gani, kwa harusi au kwa mwezi. Iandikwe nani anayelipa pikipiki. Na, tafadhali, iandikwe nani anayelipa kitu kikivunjika. Mtoto wa mmoja wetu, miaka michache iliyopita, alibeba mfuko uliokuwa na zipu mbovu. Objektifu, lile jicho la kamera, ilianguka kwenye ngazi za kanisa. Mwenye studio alisema ni dola 200. Hakuna aliyejua kama bei ile ilikuwa ya kweli, wala nani aliyepaswa kuitengeneza ile zipu. Mtoto alifanya kazi miezi minane bila mshahara kulipa, na mama yake alilipa kilichobaki kutoka katika akiba yake ya chama. Tunaandika habari hii kwa ruhusa yake, naye ametuomba tuseme kwamba kama pangekuwa na karatasi, wangebishana siku moja tu.

Tumefika kwenye jambo ambalo lilimfanya yule mama mwingine aseme kazi hii si ya msichana. Hakuwa anatukana. Alikuwa anaogopa usiku.

Harusi zetu zinaanza saa nane kwenye karatasi na saa kumi na moja kwa kweli. Msaidizi ndiye wa mwisho kutoka, maana anakunja waya. Hapo mitaa imekwisha kuwa mitupu, askari wako barabarani, na motari anayekubali kwenda mbali anaomba bei mara tatu. Na kwa upande wa Beni kila mtu anajua tunayoyapitia tangu Oktoba 2014, wakati mauaji yalipoanza kuzunguka mji. Siku ya Noeli ya mwaka 2021 bomu lililipuka katika nyumba ya kunywea na kula mjini Beni, watu wakiwa katika sikukuu. Anayefanya kazi ya sherehe anafanya kazi mahali ambapo watu wamekusanyika, na mama anayemtuma binti yake ana haki ya kuuliza ni sala gani, ni kartiye gani, na wanatoka saa ngapi.

Wasaidizi wa Beni walituonyesha namna wanavyofanya. Saa ya kutoka inapangwa na familia kabla ya siku yenyewe, na saa hiyo ikifika msaidizi anatoka hata kama keki haijakatwa. Bosi anabaki peke yake na kamera moja. Motari ni yule yule kila mara, mtu anayejulikana nyumbani, naye analipwa na studio. Kama sherehe iko mbali, nje ya mji, msichana haendi, au anakwenda asubuhi na kulala kwa ndugu. Mwenye studio anayekataa mambo haya, basi asiende kwake. Kuna studio nyingine.

Hatari nyingine haiko barabarani. Iko ndani ya studio, jioni, mlango ukiwa umefungwa na bosi akisema wabaki wawili kuchagua picha. Tuseme waziwazi, maana tukinyamaza mabinti wanadhani ni wao peke yao. Kuchagua picha ni kazi ya mchana. Mama aende studio mwenyewe kabla binti hajaanza, amsalimu mwenye studio na, kama ana mke, amsalimu mke wake pia, ajulikane uso. Arudi tena baada ya wiki mbili bila kutoa taarifa, hata kama ni kununua picha moja ya pasi. Bosi mwema hatachukia. Wawili kati ya wale tuliowatembelea walisema wanapenda mama mzazi aje, kwa kuwa msichana ambaye mama yake anajulikana haendi na kadi ya memori ya mteja mfukoni.

Neno hilo la kadi lina uzito. Msaidizi anaona mambo ya nyumba za watu. Anaona bibi arusi akilia, anaona ugomvi wa mahari, anaona picha ambazo familia iliomba zifutwe. Picha moja tu ikitoka na kuzunguka katika simu za mji, studio inapoteza jina na binti anapoteza kazi. Vilevile asiinue kamera mbele ya kambi, kizuizi cha askari au msafara wa jeshi, hata kwa mchezo. Tuko chini ya utawala wa kijeshi tangu Mei 2021, na kueleza kwamba ulikuwa unajaribu mwanga tu kunaweza kuchukua siku nzima ofisini.

Kuna kazi moja tusiyoitarajia, na ndiyo tuliyoongea juu yake njia nzima ya kurudi. Katika studio moja ya Beni, tulipoingia, msaidizi alikuwa anatengeneza uso wa mzee kwenye kompyuta. Familia ilikuwa imeleta simu yenye kioo kilichopasuka. Ndani yake mlikuwa na picha moja tu ya baba yao, amesimama nyuma kabisa ya watu wengine, nusu ya uso imefunikwa na kivuli. Walitaka ikuzwe kwa ajili ya kuweka juu ya sanduku. Wao walikimbia kijiji chao, na kila kilichokuwa ukutani kilibaki kule. Msichana alimtoa mzee yule katika kundi, akamwangazia uso polepole, akafuta mkono wa mtu mwingine uliokuwa begani mwake. Kisha akasita, akautia tena ule mkono. Alituambia ulikuwa mkono wa mke wake.

Alisema nusu ya kazi yao siku hizi ni ya namna hiyo. Wakati wa Ebola, kuanzia Agosti 2018 mpaka Juni 2020, bosi wake alikuwa karibu kufunga studio kwa sababu mikusanyiko ilipungua. Ni picha za marehemu zilizolipa pango. Yeye mwenyewe hakupenda kazi hiyo mwanzoni, aliota usiku. Sasa anaifanya peke yake na bosi hamsahihishi tena.

Mama mwenye watoto wadogo naye anaweza? Anaweza, lakini si kubeba taa mpaka usiku. Tulikuta mama mjane hapa Kimemi anayefanya albamu na fremu tu, mchana, mtoto akiwa miguuni, na analipwa kwa kila albamu. Alianza kwa kufua na kupiga pasi mapazia ya studio. Mwingine aliye na mume alituuliza kama ni lazima mume atie sahihi. Tangu marekebisho ya Sheria ya Familia ya Julai 2016, mke hahitaji tena ruhusa ya mumewe kwa jambo kama hilo. Tunalisema, ingawa tunajua kwamba kumwonyesha mume gazeti la sheria si njia ya kuanza maongezi mezani. Mwonyeshe kwanza atakavyorudi nyumbani kabla ya giza.

Kuhusu kununua kamera yako mwenyewe, tunashauri kungoja. Kamera bila wateja inakula pesa. Msaidizi anayetoka na majina ya familia ishirini zinazomjua anaweza kukopa katika chama na kulipa. Anayetoka na kamera tu hawezi. Na anayetaka kwenda mbali zaidi ya harusi amfikirie Pamela Tulizo wa Goma, wa mkoa wetu huu, aliyeanza na uandishi wa habari kisha akageukia kamera, na mwaka 2020 akapata tuzo ya Dior ya wapiga picha vijana kwa picha za wanawake wa kwetu.

Mama wa Bulengera alirudi wiki hii. Alimwuliza mwenye studio kama dola 50 zile zina mwisho wake na kama anakubali kuandika. Bwana yule alifikiri siku tatu. Akasema dola 30, miezi mitatu, siku mbili kwa wiki kamera mkononi, na kuanzia mwezi wa nne dola 10 kwa kila harusi, pikipiki juu yake. Tumekopesha dola 30. Karatasi tuliyowaandikia iko kwa mwandishi wa chama, na anayetaka kuinakili aje na daftari lake kabla mkutano haujaanza, kwa kuwa ni moja tu.